Orodha ya harusi kwenye kikao cha matokeo

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na robo alasiri. Wajumbe wa kikao cha taaluma walikuwa wamefika kwenye jedwali la wanafunzi wanaorudia masomo, mara ukuta ukabadilika. Majina ya wanafunzi yakapotea, yakaja mengine: kaka wa bwana harusi, ahadi 300,000, amelipa sifuri, shangazi wa Korogwe, ahadi 100,000, amemaliza, rafiki wa kazini, ahadi mbuzi wawili, "atathibitisha". Kwa karibu dakika nzima wakuu wa idara walikaa kimya wakisoma hesabu za kamati ya harusi kwa maandishi makubwa kama ya bango la barabarani. Mmoja wao, nilivyosimuliwa baadaye kwa kicheko cha chini chini, alikuta ahadi yake mwenyewe humo, haijapunguzwa hata shilingi. Picha ikarudi, kikao kikaendelea kwa manung'uniko. Ilipotimu saa kumi na nusu projekta ikazimika yenyewe, ukumbi ukabaki na mwanga wa madirisha tu.

Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu. Mimi ni fundi wa mitandao wa kujitegemea, na chuo hiki cha kati mkoani Tanga huniita mambo yanapokwama. Mkuu wa chuo ni mama mtu mzima asiyezungusha maneno. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, na hapo hapo akasema, "Mwanangu, tumevamiwa. Njoo leo, usiniambie kesho."

Nilipofika, mshtakiwa alikwisha kupatikana. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya kompyuta, anayejulikana kwa utundu, alionekana siku za nyuma akiwa na programu ya kuendeshea projekta kwenye simu yake. Barua ya kumtaka ajieleze ilikuwa imechapwa, inasubiri saini na muhuri. Nikaomba ikae siku kumi. Mama mkuu akanitazama juu ya miwani. "Kumi? Haya. Siku ya kumi na moja naisaini."

Kijana wa TEHAMA wa chuo aliniambia jambo moja mara tatu: projekta ina nenosiri la Wi-Fi, tena refu. Hakuwa anadanganya. Nilipanda ngazi, nikashika rimoti, nikafungua menyu ya mtandao, na nenosiri nikalikuta: herufi 14, usalama wa WPA2 (njia ya kawaida ya kufunga Wi-Fi kwa nenosiri), kila kitu sawasawa. Ila lilikuwa limekaa kwenye ukurasa wa hali isiyotumika.

Projekta nyingi za ofisini zina hali mbili za Wi-Fi. Katika hali ya kwanza, ile ya haraka, projekta yenyewe ndiyo inayorusha mtandao mdogo wenye jina lake, na laptopu inaunganishwa nayo ana kwa ana bila kupitia mtandao wa jengo. Katika hali ya pili projekta inajiunga na mtandao wa jengo kama inavyojiunga simu au laptopu yoyote. Kila hali ina mipangilio yake ya usalama, na ukihama hali, nenosiri halikufuati. Fundi aliyenitangulia aliweka nenosiri kwenye hali ya pili, projekta ikagoma kuunganika (kwa nini iligoma, nitafika huko), na kwa kuwa watu walikuwa wameshakaa kwenye viti akairudisha kwenye hali ya haraka, kipindi kikaendelea, naye akasahau. Kwenye ukurasa wa hali ya haraka, mstari wa usalama ulisomeka kwa neno moja tu: Hakuna.

Kwa hiyo mtu yeyote aliye ndani ya masafa, hata aliyekaa kwenye benchi la nje chini ya mwembe, angeweza kuunganika. Na si kuunganika tu. Mtandao usio na usimbaji hurusha kila kitu waziwazi hewani, basi matokeo yote yaliyotoka kwenye laptopu ya mtaaluma kwenda ukutani yalikuwa yanapita angani bila kifuniko. Mpaka hapo chuo kilikuwa kinahangaikia aibu ya harusi. Mimi nilihangaikia zaidi majina na alama za wanafunzi, kwa sababu tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi Tanzania, na matokeo ya mtu ni taarifa zake.

Fumbo la harusi lilijitegua ndani ya robo saa. Ukumbi umepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kompyuta, ambako kuna projekta ya pili, ndugu wa tumbo moja na hii: zilinunuliwa siku moja, aina moja, na zote mbili zilikuwa bado na jina la kiwandani. Ijumaa ile mkufunzi mmoja alibaki chumbani humo na wanakamati wenzake wanne, akafungua programu ya kurushia picha, akaona projekta mbili zenye jina lilelile, akabonyeza ya kwanza. Ukutani kwake hakukutokea kitu, akadhani imegoma, akabonyeza ya pili, ikakubali. Hakujua kabisa kwamba ile ya kwanza nayo ilikuwa imekubali, kwa wasomaji wengine.

Nilimfuata ofisini kwake kuthibitisha. "Mwalimu, ile Ijumaa mchana..." "Fundi," akanikatiza, "naomba hiyo habari tuiache." Nikamwambia sihitaji habari ya harusi, nahitaji alichobonyeza tu. Akanionyesha, bila kuniangalia.

Majina kufanana peke yake kusingetosha kuleta fedheha ile. Kulikuwa na kufuli mbili ambazo zingezuia, na zote zilikuwa wazi. Ya kwanza ni ile namba ya tarakimu nne ambayo projekta huionyesha ukutani na kumtaka anayeunganisha aiandike. Aliye chumba cha pili haioni, kwa hiyo hawezi kuiandika. Ilikuwa imezimwa, nadhani kwa sababu wakufunzi waliona ni usumbufu. Ya pili ni kipengele kinachoamua kama mtu mwingine anaruhusiwa kukatiza picha ya anayeonyesha tayari. Kiliruhusu. Mtengenezaji alikiweka hivyo kwa nia njema, ili wanaosoma pamoja wapokezane bila kuinuka. Kwenye kikao cha kupitisha matokeo, kupokezana hakuna.

Kuzimika ndiko kulikonila siku.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Mzee anayetunza ukumbi alisema ni joto, kwa sababu kichujio cha vumbi hakijasafishwa tangu Ramadhani. Mhasibu alisema umeme unashuka. Mkufunzi wa fizikia alisema taa imezeeka. Wote walikubaliana kwamba "huzimika ikijisikia". Nikasafisha kichujio (kweli kilikuwa kama blanketi), kisha nikampa mzee daftari la mistari. "Mzee wangu, kila ikizimika, andika siku na saa. Usikadirie, tazama saa." Akaandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa watu waliosoma zamani, umesimama wima. Siku ya nane daftari lilikuwa na mistari mitatu: Jumatatu saa 10:30, Jumatano saa 10:30, Alhamisi saa 10:30. Siku nyingine ukumbi ulikuwa umefungwa kabla ya saa hizo, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuzimika. Joto halijui saa, na umeme haungoji nusu saa itimie.

Siku iliyofuata saa kumi na robo nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha swichi ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha kebo zote za chuo. Projekta ya ukumbi, mbali na Wi-Fi yake, ilikuwa pia na kebo ya mtandao iliyochomekwa na fundi wa zamani, ikiwa safu moja na kompyuta za ofisi. Niliiambia swichi ininakilie kwenye laptopu yangu kila kinachoingia na kutoka kwenye kebo hiyo. Ilikuwa kimya. Saa 16:30:00 kwa saa ya kompyuta, yaani kumi na nusu kamili, ikaingia anwani moja ya ndani ikigonga mlango namba 4352 wa projekta (mlango wa programu, si tundu la kebo), na mazungumzo yote yalikuwa mistari mitatu:

PJLINK 0
%1POWR 0
%1POWR=OK

Mstari wa kwanza ni projekta inayomjibu aliyegonga. PJLink ni lugha ya pamoja ya kuendeshea projekta kupitia mtandao, iliyowekwa na chama cha watengenezaji wa mashine za ofisi cha Japani, na projekta za kampuni nyingi zinaielewa. Ile sifuri inayofuata jina lake ina maana moja: hapa haliulizwi nenosiri, sema unachotaka. Mstari wa pili ni amri ya kuzima. Wa tatu ni utii.

Niliijaribu mwenyewe kutoka laptopu yangu. Nikaiwasha, nikaizima, nikaiuliza saa za taa kwa %1LAMP ?, ikaniambia 3127. Sikuwa na nenosiri lolote la chuo mkononi. Nilikuwa na kebo tu, na soketi ya kebo ya aina hiyo ilikuwepo hata kwenye korido.

Ikabaki kumjua mwenye anwani. Orodha ya kompyuta za ofisi haikuwa nayo. Swichi ikaniambia tundu namba 19, na kebo ya tundu namba 19 ilipanda darini, ikapita juu ya choo cha wafanyakazi, ikashuka stoo. Humo, nyuma ya viti vilivyovunjika na masufuria ya mahafali, palikuwa na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha maua, inawaka, feni inakoroma. Fundi aliyenitangulia aliweka humo programu ya kuangalia projekta zote za chuo, na ratiba moja: kila siku saa 10:30 jioni, zima zote. Wakati huo vipindi vilikuwa vinaisha saa kumi, na walimu walikuwa wanaacha projekta zikiwaka mpaka asubuhi. Alikuwa anaokoa taa. Kisha ratiba ya chuo ikabadilika, yeye akapata kazi kwingine, na hakuna aliyekumbuka kwamba stoo kuna mtumishi anayeendelea kutekeleza amri ya bosi aliyeondoka.

Niliporudi kwa mama mkuu kumwambia kwamba aliyevamia kikao ni mkufunzi wake na kompyuta yake, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Lakini wameweza kwa sababu pako wazi, si ndiyo? Mwizi angepita palepale." Sikuwa na la kuongeza.

Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili, na ya kwanza nusu yake iliishia kwenye fimuwea, yaani programu ya ndani inayoendesha kifaa. Projekta zilikuwa na fimuwea ile ile zilizotoka nayo kiwandani. Vifaa vya aina hii vina historia isiyopendeza: mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Tenable walitangaza hitilafu 15 kwenye mifumo minane ya kurushia picha bila waya ya makampuni tofauti, nyingi kwa sababu mifumo hiyo ilishiriki programu ile ile ndani. Nikasasisha kwanza, maana kuna masasisho yanayorudisha baadhi ya mipangilio nyuma, na sikutaka kufanya kazi mara mbili.

Kisha Wi-Fi ya ukumbi. Nilikaa nikafikiri niiweke vipi, nikaishia kuizima kabisa. Ukumbi una kebo, kebo inafanya kazi, na laptopu za wakufunzi ziko kwenye Wi-Fi ya wafanyakazi ambayo ina ulinzi wake. Picha inatoka kwenye laptopu, inaingia mtandao wa chuo, inafika projekta kwa waya. Redio ya pili juu ya dari haikuwa na kazi yoyote. Watu wengi wakiombwa kulinda Wi-Fi ya projekta huanza kuchagua kati ya WPA2 na WPA3 kabla ya kuuliza kama wanaihitaji. Kwa mgeni asiye na akaunti ya chuo tuliacha kebo ya HDMI mezani, ambayo haina nenosiri la kusahau.

Kebo yenyewe nikaihamisha kutoka safu ya ofisi. Projekta zote zikapewa VLAN yao, yaani mtandao wao uliotengwa ndani ya mtandao wa chuo, na kizuizi (firewall), kinachoamua nani apite kwenda wapi, kikaandikiwa sheria: laptopu za wakufunzi zinaruhusiwa kufikia milango ya kurushia picha tu, milango ya uendeshaji, ukurasa wa mipangilio na ule wa 4352, inafikiwa na kompyuta moja ya TEHAMA, mtandao wa wanafunzi haufiki kabisa, na projekta zenyewe hazitoki kwenda intaneti.

Manenosiri yakawa manne kwa kila projekta, na hapo kijana wa TEHAMA alishangaa. Alidhani ni moja. Ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari una lake, na lilikuwa la kiwandani, lile linalochapwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho yeyote anakipata mtandaoni. Kidhibiti cha simu kina lake. PJLink ina lake. Menyu ya mtandao inayofunguliwa kwa rimoti ina lake, na bila hilo yote mengine ni mapambo: aliyeshika rimoti angeingia, angerudisha hali ya kiwandani kwa mibonyezo michache, na asubuhi milango yote iko wazi tena. Ufuatiliaji wa SNMP, njia ya kuuliza hali ya vifaa kupitia mtandao, ambao ulikuwa unakubali neno "public" kama nenosiri, kama vifaa vingi vinavyotoka kiwandani, niliuzima kwa kuwa hakuna aliyeutumia.

Kuhusu nenosiri la PJLink sikumdanganya mtu. Projekta hutoa namba ya bahati nasibu, mwenye kuamuru anaiunganisha na nenosiri na kupitisha vyote kwenye MD5, hesabu inayogeuza maneno kuwa alama isiyosomeka, na jibu likilingana anaruhusiwa. Nenosiri halipiti wazi, hilo ni jema, lakini MD5 ni ya zamani na amri zinazofuata zinapita bila kusimbwa. Inamzuia mpita njia. Mwenye nia na muda anazuiwa na VLAN, ndiyo maana VLAN ilitangulia.

Vyumba viwili ng'ambo ya uwanja havina kebo, na huko ndiko nilikokutana na kilichomshinda mwenzangu wa zamani.

Wi-Fi ya wafanyakazi chuoni hapo haitumii nenosiri moja la wote. Kila mtu, na kila kifaa, kina jina na nenosiri lake, na seva ya chuo ndiyo inayoamua nani aingie. Seva nayo hujitambulisha kwa cheti, ili kifaa kijue kinaongea na chuo na si na mtu aliyewasha kisanduku chenye jina la mtandao ule ule. Kwenye projekta kuna kipengele cha kuthibitisha cheti hicho. Ukikizima, projekta inaunganika na yeyote anayejiita jina la chuo na kumpa uthibitisho wa akaunti yake kwa njia ya MSCHAPv2, ambayo tangu 2012, Moxie Marlinspike alipoonyesha kwamba kuivunja ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa DES, usimbaji wa zamani ulio dhaifu, haitegemewi pasipo cheti. Kwa hiyo niliingiza cheti cha chuo kwenye projekta, nikawasha uthibitisho, nikangoja. Ikakataa. Nikajaribu tena. Ikakataa. Ukutani iliandika kwamba uthibitishaji umeshindikana, basi.

Nikahangaika na cheti kama saa nzima. Nilikibadilisha umbo, nikakifuta, nikakiingiza upya, nikaandika nenosiri la akaunti polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Jibu lilikuwa mahali ambapo sikutazama: ukurasa wa tarehe. Projekta iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari, miaka mingi iliyopita. Cheti cha chuo kilikuwa kimetolewa mwaka jana. Kwa projekta ile, kilikuwa cheti cha wakati ujao, na cheti ambacho siku yake haijafika hakipokelewi.

Nikamfuata mzee wa ukumbi, maana funguo za vyumba vile pia anazo yeye. "Mzee, likizo hivi vyumba vinakuwaje?" "Nazima swichi kubwa," akajibu, "nani atalipia umeme wa vyumba vitupu?" Likizo ndefu, projekta bila umeme, saa ya ndani inakufa, tarehe inarudi mwanzo. Na hapa pana mtego mzuri: projekta inaweza kuchukua saa sahihi kutoka kwenye seva ya muda, lakini ili iifikie seva inahitaji kwanza kuingia kwenye Wi-Fi, na haiwezi kuingia kwenye Wi-Fi kwa sababu saa yake si sahihi. Huenda mwenzangu alifika hapa, watu wakiwa kwenye viti, akakata tamaa. Simlaumu.

Niliweka tarehe kwa mkono, eneo la saa +3, na projekta ikaingia kwa mara ya kwanza tu. Nikaielekeza kwenye seva ya muda ya chuo na kufungua mlango namba 123 kwenye kizuizi ili kila siku ijisahihishe. Na kwa mzee tukafanya makubaliano: swichi kubwa izimwe kama kawaida, ila wiki ya kufungua chuo aanze kwa kutazama tarehe kwenye menyu, kabla walimu hawajafika. Nilimwandikia hatua tano kwenye kadi, akaibandika ndani ya kabati la funguo.

Malalamiko yalianza kesho yake, kama nilivyotegemea. "Fundi, projekta haionekani!" Programu ya kurushia picha huitafuta projekta kwa kuita jirani zake wote, na mwito huo hauvuki kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Zamani unafungua programu, unaona orodha, unabonyeza. Sasa orodha ni tupu. Ningeweza kuweka kitu cha kuvusha miito hiyo, ila kingeleta tena orodha ya projekta zote mbele ya kila mtu, na nilikuwa nimetoka kwenye kisa kilichosababishwa na orodha. Kila projekta ilipata jina lake, UKUMBI, KOMPYUTA, MAGHARIBI1, MAGHARIBI2, na anwani isiyobadilika. Kadi yenye anwani ikabandikwa kwenye meza ya mwalimu. Unaandika mara moja, laptopu inakumbuka. Zile tarakimu nne nilizirudisha, na kukatiza nikakufunga kila mahali isipokuwa chumba cha kompyuta, ambako wanafunzi huonyeshana kazi. Mkufunzi wa harusi hakulalamika hata kidogo. Wa fizikia alilalamika wiki mbili.

Msimbo wa QR ambao projekta huuonyesha ili simu iunganike haraka niliuondoa, baada ya kumwonyesha kijana wa TEHAMA jambo moja. Tulirudisha projekta moja kwenye hali ya haraka yenye nenosiri, tukausoma msimbo kwa simu, na ndani yake tukakuta jina la mtandao na nenosiri lake. Yeyote aliyepiga picha ukuta angekuwa nalo.

Yule mwanafunzi nilimwita mwenyewe, pale kwenye ngazi za ukumbi, si ofisini. Shikamoo yake ilitoka kwa sauti ya chini. Nikamwambia kikao hakikuwa kazi yake, na tunajua ilikuwa ya nani. Akapumua. Kisha, bila kuulizwa, akasema kuna siku moja kwenye kipindi cha takwimu alifungua ukurasa wa projekta kwa simu, akaandika nenosiri la kwenye kitabu cha maelekezo, akagandisha picha, mwalimu akazungumza kwa dakika tano juu ya ukurasa usiobadilika. "Mara moja tu, fundi. Darasa zima lilicheka." Nilimfikishia mama mkuu yote mawili, lile asilolifanya na lile alilolifanya. Barua iliandikwa upya, fupi, na adhabu yake ilikuwa kukaa na kijana wa TEHAMA Jumamosi nne kuandika jedwali la vifaa vyote vya chuo vyenye anwani ya mtandao. Walikuta vichapishi sita na kamera mbili za geti zenye nenosiri la kiwandani. Hizo ni kazi nyingine.

Kompyuta ya stoo sikuizima siku ile ile. Nilitaka kuona. Saa 16:30:00 ikagonga mlango wa projekta ya ukumbi, ambayo sasa ilikuwa na nenosiri lake na kwa kusudi niliiacha ifikiwe jioni hiyo moja. Projekta ikaanza na PJLINK 1 badala ya sifuri, ikatoa namba yake ya bahati nasibu, na kompyuta ile, isiyojua lolote kuhusu nenosiri, ikatuma amri vile vile. Jibu likarudi: PJLINK ERRA. Hapana ruhusa. Ikangoja kidogo, ikajaribu tena, ikapewa ERRA tena. Ndani ya ukumbi kwaya ya chuo ilikuwa inafanya mazoezi kwa maneno yaliyo ukutani, na hakuna aliyejua.

Mzee alipoona nimeichomoa na kuibeba, akauliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi: "Sasa jioni nani atazizima?" Tukakaa naye, tukaweka ratiba kwenye projekta zenyewe, saa tatu usiku, baada ya yeye kufunga milango. Yule mjumbe mwenye ahadi ya harusi, nasikia, alilipa yote Jumatatu ile ile, kabla hata mimi sijafika chuoni.